Vinyama Kwenye Koo la Mnadi

Mtaa wa Likoma,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

6 Septemba 2025

Mpendwa Dada Sitara,

Shikamoo dada yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Bakili na wanangu wote hapo Ujiji. Goti linaendeleaje? Wifi yako Amira aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Usikae nalo hivyo hivyo dada, lionyeshe hospitali. Nami nacheka mwenyewe kuandika maneno hayo, maana ukisoma mpaka mwisho utaona mimi ni wa mwisho kumshauri mtu juu ya hospitali.

Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Amira mzima, biashara yake ya vitambaa inakwenda. Sabaha ametimiza miaka kumi na moja na tayari anataka simu yake mwenyewe. Mwenye habari ni mimi.

Najua umekasirika, na una haki. Ule ujumbe wako wa sauti wa mwezi uliopita niliusikiliza mara tatu. Ulisema, "Idrisa, kama umenichoka niambie, nisiwe nagonga mlango wa nyumba iliyohamwa." Dada, sijakuchoka. Kwa mwaka mmoja na zaidi sikupokea simu zako kwa sababu sikuwa na sauti ya kupokelea. Kila ulipopiga nilikuandikia kwamba niko bize sokoni Feri, na Amira nilimkataza kabisa kukueleza. Huo ulikuwa uongo wangu, si wake. Nakuomba radhi kwanza, halafu nikusimulie tangu mwanzo.

Ilianza mwaka jana, wiki chache baada ya Idi. Nikawa naamka sauti imekwaruza. Sikushtuka. Unajua kazi ya kunadi samaki: unasimama kwenye sakafu iliyolowa, watu mia wanapiga kelele na wewe lazima uwazidi wote. Baba alinadi palepale mpaka uzee wake, na hakuna siku tuliyomsikia akisema koo linamuuma. Kwa hiyo nilitafuna tangawizi, nikanywa asali na ndimu, nikamung'unya vidonge. Duka la dawa hapa chini wakanipa antibayotiki. Nilipomaliza, wakanipa nyingine yenye rangi tofauti.

Kufika mwezi wa saba sauti ikawa inakatika katikati ya neno. Siku moja nilikuwa nanadi nguru mkubwa, mzuri kweli, na mama mmoja mkaanga samaki akasema kwa sauti, "Mnadi, unanong'ona na samaki au unatuuzia sisi?" Watu wakacheka. Nami nikataka kucheka, lakini kicheko hakikutoka, ulitoka upepo tu. Abdulhamid, mwenzangu wa mnada, yule mrefu uliyemwona kwenye harusi yangu, akanishika bega akaendelea kunadi mahali pangu. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida: mimi nashika samaki, yeye anaita.

Hapo maneno yakaanza. Huyu anasema ni husuda, yule anasema nimekanyaga kitu. Niliandikiwa kombe, nikanywa. Sikatai dua, dada, wala leo sijaiacha. Ila nilichokuwa nafanya nakijua mimi mwenyewe: nilikuwa natafuta kila mlango isipokuwa wa hospitali, kwa sababu niliogopa kuambiwa saratani.

Aliyenitoa ni Sabaha. Tunakaa ghorofa ya nne, na lifti ilishakufa siku nyingi. Tulikuwa tunapanda pamoja, akageuka akaniambia, "Baba, mbona unapiga filimbi ukivuta pumzi?" Amira alikuwa nyuma yetu na mzigo wa vitambaa. Kesho yake asubuhi hakufungua meza yake. Alinipeleka mwenyewe mpaka kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari anaitwa Benedikta. Mama mfupi, mtu wa Songea, anaongea polepole kama anayekuhesabia vidonge. Alinipitishia kamera nyembamba puani, ikashuka, na mimi na Amira tukaona kwenye kioo cha mashine. Dada, nimepasua samaki tangu utotoni. Nilichokiona kilikuwa kama mayai ya samaki yamebanana, mekundu-meupe, yamekaa juu ya nyuzi za sauti na kubakiza upenyo mdogo tu wa hewa.

"Hivi ni vinyama," daktari akasema. "Vinaletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Kina ukoo mkubwa. Aina nyingine huotesha chunjua mikononi, nyingine huotesha sehemu za siri, nyingine kwa wanawake huharibu mlango wa kizazi, na ikiachwa miaka mingi inaweza kuleta saratani. Kwako wewe kimeota kooni. Kwa kuviangalia sidhani kama ni saratani, lakini nitapeleka kipande maabara."

Mimi nilisikia "sidhani kama ni saratani" nikashukuru. Amira alisikia "kirusi" na "sehemu za siri". Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Akauondoa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kutokea Upanga. Tulipofika akaniuliza jambo moja tu: "Umekitoa wapi?" Nikafungua mdomo, sauti ikakataa. Nikachukua daftari la Sabaha la hesabu nikaandika: Sijui. Akalisoma, akalifunga, akaenda kuosha vyombo. Siku tisa hakuniambia ila yale ya lazima: chakula tayari, funga mlango.

Sasa nikueleze yale matibabu, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Alisema dawa ya kukiua kirusi chenyewe haipo. "Mimi naondoa vinyama. Kirusi kinabaki kimelala. Kikiamka, unarudi kwangu." Njia yake ni kulazwa usingizi, halafu anaingia mdomoni na darubini na vyuma vidogo, anavikwangua kimoja kimoja. Kuna wanaotumia mwale wa leza, nao ni mzuri, lakini nao hauzuii kurudi. Kuna sindano ya kuchoma palepale kwenye vinyama ili visiote haraka, lakini alisema hiyo angeifikiria baadaye, ikionekana vinarudi kwa kasi, na hawezi kuniahidi. Nikamwandikia: Toa vyote mara moja, nina mnada. Akatikisa kichwa. Pale mbele, nyuzi mbili zinapokutana, akikwangua pande zote siku moja vidonda vitagandana na nitabaki na sauti ya kuku mpaka kufa. Upande mmoja kwanza, mwingine miezi ya mbele. Akanipangia tarehe, wiki tatu kutoka siku ile.

Wiki tatu, dada. Nyumbani mke hanisemeshi, Feri watu wamezoea sauti ya mwingine. Nikaona nimefutwa pande zote mbili.

Abdulhamid, kwa nia njema, akakumbuka kwamba aliwahi kuwa na chunjua kwenye kidole gumba na bwana mmoja wa uchochoroni, nyuma ya maduka ya mabegi, alimpaka dawa ya kuchoma ikadondoka ndani ya wiki mbili. Akasema, "Si umeambiwa ni ukoo mmoja? Basi dawa ni moja." Maneno hayo yaliniingia akilini vizuri kabisa. Tukaenda. Yule bwana hakusita hata kidogo. Alichovya pamba kwenye kijiti, akaniambia nipanue mdomo, nisimeze.

Sitakueleza maumivu. Nitakueleza hewa. Baada ya dakika chache ule upenyo mdogo ukaanza kuziba. Nilikuwa navuta na kifua kinaingia ndani lakini hakuna kinachofika. Abdulhamid alinibeba begani kama jodari, akanitupa kwenye bajaji, akawa anampigia dereva kelele njia nzima mpaka hospitali. Sauti ile ile ya mnada. Nakumbuka nilifikiri, huyu angalau anasikika.

Daktari Benedikta aliitwa. Amira naye akafika, bado ana sindano za vitambaa kwenye ushungi. Nilikuwa na kinyago cha hewa usoni lakini nilisikia kila neno.

"Nitajaribu kupitisha bomba mdomoni," daktari akamwambia. "Nikishindwa, nitatoboa shingo hapa chini apumue. Sipendi kutoboa, maana vinyama hivi vikipata jeraha huweza kushuka nalo kwenye njia ya hewa. Lakini sitamwacha akose pumzi. Weka sahihi hapa."

Amira akachukua kalamu. Nilimwangalia, dada, na moyoni nikasema: mwanamke huyu ana siku tisa hajui mume wake ni nani. Akaandika jina lake lote, na la baba yake, pale mstari ulipoishia akaendelea pembeni. Kisha akaniinamia. "Nimeweka sahihi. Akikutoboa utapumua. Sauti tutaitafuta baadaye."

Nilipozinduka, mkono wangu kwanza ulikwenda shingoni. Ngozi ilikuwa nzima. Bomba lilipita kwa shida, daktari akavikwangua vya upande mmoja, akaiacha sehemu ya mbele kama alivyosema. Asubuhi yake alikuja kitandani, nikategemea matusi. Akasema tu, "Ngozi ya kidole ni kama soli ya kiatu, bwana Idrisa. Koo ni kama jicho. Ile dawa ya chunjua inafaa pale inapofaa, na anayeipaka awe anajua." Abdulhamid alikuwa amesimama mlangoni na machungwa kwenye mfuko. Alilia mbele ya wagonjwa wote.

Nilikatazwa kutoa sauti wiki mbili, hata kunong'ona. Hapo nilipata muda wa kumjibu Amira. Nilimwandikia kurasa nne. Nilimwandikia mambo ya miaka ile niliyokuwa Tanga kabla sijamwoa, ambayo hata wewe huyajui vizuri na sitayaandika hapa. Nilimwandikia pia kwamba tangu nimwoe sijamwendea kinyume, na Mungu ni shahidi. Alizisoma amesimama dirishani. Kisha akasema, "Nilimfuata daktari peke yangu. Nilitaka anitajie mwaka na mtu. Kasema hawezi. Kasema watu wazima wengi kimewapitia bila kujua, wengine tangu wanazaliwa na mama zao, na kinaweza kulala miaka ishirini. Basi kama yeye na mashine zake hajui, mimi nitajulia wapi? Nimechoka kuuliza, Idrisa. Bora nichoke kukuuguza."

Sikuwa na ruhusa ya kujibu. Nadhani ilikuwa heri.

Daktari alimshauri naye apime. Alikwenda kliniki. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, na penye mabadiliko panageuka peupe. Kwake palionekana alama ndogo. Ningekuwa mimi ningekimbilia uchochoroni tena! Nesi akamweleza kwamba si saratani, ni kidonda cha mwanzo ambacho kikishughulikiwa mapema humalizwa hapo hapo. Kikiwa kikubwa ndipo hukatwa kwa kitanzi cha waya wenye umeme. Chake walikichoma kwa joto siku ile ile, dakika chache, akaambiwa arudi baada ya mwaka. Alirudi nyumbani akanisimulia huku anamenya viazi: "Wewe umetaka kuua mtaa mzima kwa presha. Mimi tumbo limenikaza kidogo tu, nimerudi kupika." Nikamuuliza daktari kama cha kwangu na cha kwake ni kimoja. Akasema kwa kawaida aina zinazoota kooni si zile zinazotisha kwa wanawake, na tusianze tena kesi iliyokwisha.

Majibu ya maabara yalikuja: si saratani. Alhamdulillahi.

Mwezi wa pili nikakwanguliwa upande wa pili. Mwezi wa saba vikawa vimerudi, vichache, nikaingia mara ya tatu. Wiki iliyopita kamera imeona vingine viwili vidogo kama mchele. Daktari anasema tusubiri tuone, na vikikimbia safari hii tutazungumza habari ya ile sindano. Nimemuuliza itakwisha lini. Akasema kuna watu ambao kirusi hulala moja kwa moja, na kuna watu anaowajua kwa majina ya watoto wao kwa jinsi wanavyorudi. Sijui mimi ni wa kundi gani. Nimejifunza kutopanga mwaka; napanga miezi mitatu mitatu.

Kazi, bado niko Feri, ila sinadi tena. Kunadi kungeniharibia hata hiki kilichobaki. Abdulhamid anaita, na mimi nachambua samaki kabla hawajaingia mnadani: naangalia mashavu, macho, nabonyeza tumbo, wa jana namtoa. Wanunuzi wameanza kuuliza, "Hao Idrisa amewapitia?" Siku ya kwanza niliposikia hivyo nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Hata hivyo sitakudanganya dada. Kuna asubuhi nasikia mtu anavutana na bei ya nguru na maneno yote yananijia ulimini, tayari, yamepangika, na inabidi niyameze.

Jambo la mwisho ni zito kidogo, ulipokee kwa upole. Unakumbuka mwaka jana, kabla sijaugua, shuleni kwa kina Sabaha walileta karatasi ya chanjo ya wasichana, nikakuuliza, ukaniambia nisikubali, kwamba inafunga uzazi? Nilikusikiliza. Niliirudisha bila sahihi, na nikawashawishi wazazi wengine wawili hapa mtaani. Mwaka huu nilimuuliza Daktari Benedikta. Alinijibu kwamba haifungi uzazi. Inamkinga binti na zile aina mbaya kabla hajakutana nazo. Mimi haiwezi kuniponya, imeshapita wakati wangu. Sabaha amechanjwa mwezi wa tano, sindano moja ya mkono. Aliogopa zaidi foleni kuliko sindano. Wale wazazi wawili nimewafuata nyumbani kwao, nikawaambia nilikosea, kwa sauti hii hii iliyokwaruza. Mmoja amekubali, mwingine anafikiria bado.

Sikulaumu dada. Ulinena kwa kunipenda, kama Abdulhamid alivyonipeleka uchochoroni kwa kunipenda. Ila Salma wako ana miaka kumi na miwili. Muulizie kituo cha afya, usinisikilize mimi, kaa na nesi uso kwa uso na umuulize maswali yote uliyokuwa ukiniuliza. Na wewe mwenyewe, kile kipimo cha siki ni cha muda mfupi. Naomba hilo tu.

Nisalimie sana shemeji Bakili. Mwambie ule mwaliko wa mawese sijausahau. Msalimie Salma na kaka zake, na Bi Mkubwa wa nyumba ya pili aliyenipikia migebuka nilipokuja. Amira anakusalimu na anaomba radhi kwa mwaka mzima wa kukuambia niko kazini. Sabaha anasema shikamoo shangazi. Abdulhamid naye kanikuta naandika, kasema lazima nimtaje.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe nguvu ya miguu, akuweke juu ya watoto wako miaka mingi.

Daktari ameniruhusu kuongea simu dakika chache kwa siku. Hii barua naipeleka Posta Jumatatu. Nitaacha wiki mbili ikufikie, kisha Ijumaa baada ya sala nitakupigia. Utasikia sauti nene, imepasuka, ya mtu usiyemjua. Usikate, dada. Ni mimi.

Mdogo wako wa tumbo moja, akupendaye,

Idrisa